Papa Nusunusu na Fote ya Tano

Mimi ni mwamuzi mbaya wa mpira wa kikapu. Nasema hivyo baada ya kuwafikiria waamuzi wote wa Kalemie, akiwemo yule anayechezesha mechi huku akipokea simu. Yeye angalau akikosea hajui. Mimi hujua. Kosa langu hunifikia papo hapo, filimbi ikiwa bado mdomoni, na hapo ndipo ujinga wangu hasa unapoanza.

Jina langu ni Gaspard. Siku za kazi niko bandarini, naandika mizigo inayoshuka kutoka Kigoma: saruji, sabuni, magodoro. Jumapili baada ya misa navaa shati la kijivu la uamuzi, ambalo zamani lilinitosha, na kwenda uwanjani. Huko hakuna anayeniita Gaspard. Wananiita Papa Nusunusu, na jina hilo sikupewa kwa heshima.

Lilianzia nyumbani kwetu. Mama alizaa mapasa, ndivyo tunavyowaita mapacha, Rubens na Bénit, kisha akanizaa mimi peke yangu kama nyongeza. Kwetu mapasa hawatofautishwi kwa lolote. Ukimpa mmoja shati, mwenzake apate shati la kitambaa hicho hicho. Mgeni akija na zawadi moja, Mama anamrudishia pale pale mlangoni. Rubens akivunja sahani na kuchapwa, Bénit naye anaitwa, anapigwa kakofi kadogo ka mgongoni, asije akajiona amesahauliwa. Mimi mdogo wao nilipewa kazi ya kugawa mikebuka katika sahani zao, na nilipima kwa jicho mpaka mikia ya samaki ilingane. Lile kofi la Bénit nililiona ni haki kabisa. Sikuwahi kumwuliza Bénit mwenyewe alilionaje.

Nikaoa na ugonjwa huo huo. Mke wangu, Emérance, ni mwalimu wa shule ya msingi na hana subira na wajinga, kwa hiyo ndoa yetu imekuwa na mazungumzo mengi. Siku moja nilimsema vibaya binamu yake mbele ya watu, kumbe hakuwa amefanya kitu. Badala ya kwenda kumwomba radhi, Jumapili iliyofuata nikamsema vibaya binamu yangu mwenyewe, mbele ya watu wale wale. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

"Sasa tuko sawa," nilimwambia Emérance.

"Sasa uko na maadui wawili," alinijibu. "Ile juma ingine ulikuwa na mumoja."

Uwanjani mambo yalikuwa hayo hayo, ila huko kulikuwa na mashahidi wengi. Nikiipigia timu moja filimbi isiyo ya haki, dakika mbili baadaye naitafutia timu ya pili filimbi isiyo ya haki, ili wawe sawa. Nilidhani hakuna anayeona. Watu wa Kalemie wameshaona ziwa likipanda na kuingia sebuleni mwao. Mtu mnene mwenye filimbi hawezi kuwaficha kitu. Walianza kuimba tangu mwaka wa kwanza: "Nusu! Nusu! Moja kwa huyu, moja kwa yule!" Mimi nikapunga mkono. Nilifikiri wananisifu.

Na siwezi kusema kwamba sikufundishwa. Mkufunzi alikuja kutoka Lubumbashi, akatuketisha katika darasa lenye viti vya watoto wadogo, akatuambia jambo moja kwa namna nyingi. Ukikosea, na mpira bado haujarudi mchezoni, mwite mwenzako, rekebisha, hakuna aibu. Ukichelewa, mpira umekwisha kurudi, basi kosa limeshakuwa kosa. Kubali, liache hapo, chezesha kinachofuata. Usilipe. Alirudia hilo neno akitembea kati ya viti: usilipe, usilipe. Mimi niliitikia kwa kichwa pamoja na wengine. Nilikuwa nafikiria picha yangu ya cheti, kama nivae tai au la.

Sasa nieleze ile mechi.

Ilikuwa fainali ya wasichana ya mji, Mawimbi dhidi ya Reli, katika uwanja wa parokia, maana uwanja wa zamani wa ufukweni sasa unaogelewa na bata. Mawimbi walikuwa na Yasmine, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwani, mrefu, mwenye kilemba cheusi kilichobana na ulimi usiobana hata kidogo. Reli walikuwa na Carmel. Baba yake Carmel alikuwa fundi wa treni katika zile siku ambazo treni ilikuwa na haja ya fundi. Msichana alikuwa amemaliza sekondari, ana diploma yake ya serikali ndani ya mfuko wa plastiki, na mwaka mzima alikuwa nyumbani akisubiri, kwa sababu minerval, yaani ada ya chuo kikuu, hakuna wa kuilipa.

Na siku hiyo, kwenye safu ya mbele, chini ya mwavuli, aliketi Mama Tina, kocha wa timu moja ya wanawake ya Lubumbashi. Timu yake inawasomesha wachezaji. Alikuja kutafuta msichana mmoja, si wawili, na kesho yake mchana ndege ingemrudisha. Mji mzima ulijua. Carmel alijua kuliko wote. Wakati wa kupasha misuli nilimwona akimeza mate kila alipotazama ule mwavuli, na nilimwonea huruma. Hilo mlikumbuke: nilimwonea huruma.

Mwenzangu wa kuchezesha alikuwa Idriss, kijana mwalimu wa hesabu, mwepesi wa miguu, anayesoma kitabu cha sheria kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Carmel alicheza kama mtu anayejua njia yake ndani ya nyumba yenye giza. Mama Tina aliacha kujipepea.

Baada ya mapumziko, Yasmine alikimbia na mpira kuelekea kikapu cha Reli. Carmel alirudi nyuma kumzuia, akateleza kwenye mchanga ulioletwa na upepo, akaanguka mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yao, sikuona vizuri, nikaona tu mtu chini. Nikapiga filimbi: fote ya Yasmine, amemsukuma mwenzake. Kikapu alichofunga nikakifuta. Fote, kwa wasioujua mchezo huu, ni kosa la kumgusa mpinzani isivyo halali, na mchezaji akifikisha tano anatoka, harudi.

Filimbi haijaisha kulia, nikaona mstari wa mtelezo wa Carmel kwenye mchanga, mrefu, na Yasmine hakuwa karibu nao. Nikajua.

Idriss alinijia mbio. "Papa Gaspard, aliteleza mwenyewe. Mupira bado. Turekebishe."

Ni maneno yale yale ya mkufunzi. Mpira ulikuwa bado mkononi mwangu, sheria iko upande wangu, mwenzangu ananipa msaada. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Lakini mashabiki wa Mawimbi walikuwa wamekwisha kusimama, wananitukana mpaka babu, na mimi nikiona watu wananitukana shingo inakuwa ngumu. "Niliona," nilimwambia Idriss. "Endelea."

Basi nikakimbia na lile deni tumboni. Yasmine alinipita akisema, "Papa, macho yako uliacha bandarini?" na alikuwa na haki. Nikaanza kumtafutia malipo. Huo ndio ukweli, sina namna nyingine ya kuusema. Sikuwa natazama mchezo. Nilikuwa natafuta mtu wa Reli wa kumpiga kofi la mgongoni.

Aliyefika karibu alikuwa Carmel. Alimnyang'anya Yasmine mpira kwa mkono safi, wizi wa kupendeza, hata Yasmine mwenyewe alisema "ayee!" kwa mshangao. Nikapiga filimbi. Fote ya Carmel, mkono. Nikaonyesha meza kwa ishara zote, kwa madaha, kama kwenye cheti. Moyo wangu ukatulia. Sasa wako sawa, nikasema.

Mezani wakainua kibao cha tano.

Sikuwa nimekumbuka kwamba alikuwa na nne. Mwamuzi anayejiheshimu hujua nani ana ngapi. Mimi nilikuwa na hesabu nyingine kichwani. Upande wa Reli ukalipuka. Idriss alinijia tena, safari hii akitembea. "Papa Gaspard," alisema polepole, "huyu mutoto hakugusa mutu. Mupira bado."

Nafasi ya pili, ndani ya dakika chache. Kuna watu hawapati hata moja maishani. Lakini nikiirudisha hii, nitaulizwa kwa nini niliipiga, na jibu langu lilikuwa na mkia: ile ya kwanza. Nikatikisa kichwa. Carmel hakubisha. Alichukua mpira, akanipa kwa mikono miwili kama mtoto anavyompa mkubwa kitu, akaenda kukaa kwenye benchi na kujifunika taulo kichwani. Chini ya mwavuli, Mama Tina alianza tena kujipepea.

Yaliyofuata nayaeleza kwa haraka kwa sababu yananitia aibu. Nilipoona nimewaumiza Reli, nikawatafutia Reli malipo. Kisha Mawimbi wakalalamika, nikawalipa Mawimbi. Nikalipa huku, nikalipa kule. Wasichana walitoka mmoja baada ya mwingine, mpaka mwishoni Reli walibaki wanne uwanjani na Mawimbi wakamwingiza msichana aliyekuja kubeba maji. Mashabiki wa pande zote mbili walikaa pamoja sasa, wamepatana, wanaimba "Nusu! Nusu!" kwa sauti mbili kama kwaya. Mawimbi walishinda. Hakuna aliyeshangilia sana.

Nilikuwa navua filimbi shingoni Carmel alipokuja. Taulo lilikuwa begani, macho mekundu.

"Papa," alisema, "ile ya Yasmine ulikosea. Nilianguka mimi mwenyewe. Ningekuambia, lakini kochi wetu anatukataza kusemesha arbitre."

"Ndiyo, mama," nilisema. Nilifurahi kidogo, nikidhani amekuja kunisamehe.

"Ya kwangu haukukosea. Ulifanya kusudi."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja bei. Mimi nina umri wa baba yake, nimetukanwa kwa Kiswahili, Kifaransa, Kitabwa na Kiholoholo, na hakuna tusi lililowahi kunifikia pale lilipofika lile. Kwa sababu miaka yote nilijiona mtu wa haki anayefanya makosa. Mtoto huyu alikuwa ameitazama ile haki yenyewe na kuona kwamba hilo ndilo kosa.

Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujificha nyuma ya nguzo ya kikapu, ambayo hata hivyo isingenitosha.

Mama Tina alikuwa bado amesimama na komiseri wa mechi, mzee mmoja mkali anayepeleka ripoti kwenye ligi. Nilitamani komiseri aondoke kwanza. Nilifunga kamba za viatu. Nikazifunga tena. Komiseri haondoki. Basi nikaenda hivyo hivyo.

"Mama," nilimwambia kocha, "ile fote ya tano ya Carmel haikuwa fote. Niliitunga."

Komiseri alinigeukia. "Papa Gaspard, unajua maneno unayosema? Ulikosea, ao uliitunga?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Mzee alikuwa ameniachia wazi, kwa huruma. Nikisema nilikosea, yanaisha.

"Niliitunga," nilisema. "Nilikosea kwa Yasmine, nikalipa kwa Carmel. Yeye hakufanya kitu."

"Basi msimu huu hautapiga tena filimbi ya ligi," alisema komiseri, na alionekana kusikitika kuliko mimi.

Mama Tina alinipima kutoka juu hadi kwenye viatu. "Nakuamini," alisema. "Lakini mimi nilikuja kuona muchezaji. Siwezi kupeleka Lubumbashi kitu sikuona." Akafikiri. Kisha akawaita wasichana waliokuwa bado wanakunywa maji. "Kesho asubuhi, mbele ya saa ya ndege. Mucheze kidogo, tatu kwa tatu. Nani atapiga filimbi?"

Idriss alikuwa na darasa. Carmel akasema, "Papa Gaspard."

Hata Yasmine alimgeukia. "Wewe uko muzima?"

"Huyu kesho ataogopa," alisema Carmel. "Mwingine hataogopa."

Komiseri alisema mechi isiyo ya ligi haimhusu, ila angekuja kutazama, kwa sababu ana macho.

Nyumbani nilimweleza Emérance yote. Alinisikiliza akiwa amesimama na pasi mkononi. Nilipofika kwenye msimu wangu uliofungwa, alisema, "Ni vizuri." Nilipofika kwenye neno la Carmel, alikaa chini. "Na kesho ukikosea tena?" aliuliza. Nikamwambia sitakosea. Alicheka mpaka akaizima pasi.

Asubuhi niliomba ruhusa bandarini. Ziwa lilikuwa limetulia na uwanja umefagiliwa. Wasichana watatu kwa watatu, Carmel upande mmoja, Yasmine upande wa pili. Nilifungua macho mpaka yakauma. Na haikuchukua muda. Mpira ulitoka nje pembeni, mikono mingi ikiugombea. Nikaona mkono wa mwisho ni wa Carmel, nikawapa kina Yasmine. Wakaurusha haraka, Yasmine akafunga. Ndipo nilipomwona Yasmine akijipuliza kucha, anatabasamu. Ulikuwa umemgusa yeye.

Nimekosea. Dhidi ya Carmel. Katika nusu saa pekee aliyobakiwa nayo, mbele ya mwanamke aliyeshika tiketi ya ndege. Na mpira umekwisha kurudi mchezoni, kikapu kimeingia, hakuna cha kurekebisha.

Sijui niwaelezeje jinsi mwili wangu wote ulivyotaka kulipa. Na malipo yakaja yenyewe. Carmel aliingia chini ya kikapu, Yasmine pembeni yake, Carmel akaruka na kuanguka. Yasmine hakumgusa. Lakini nani angejua? Mama Tina alikuwa upande wa pili, komiseri anasugua miwani. Filimbi ilikuwa kati ya meno. Ningepuliza kidogo tu, angepata mitupo miwili ya bure, na safari hii ingekuwa kwa ajili yake, si dhidi yake. Hata mbinguni wangenielewa. Carmel, akiwa chini, alinitazama.

Sikupuliza. Niliuma ile filimbi mpaka jino likalia. Carmel akainuka, akaanza kurudi nyuma kukaba, na mimi nikakimbia kando yake nikihema.

"Carmel, ule mupira wa kwanza ulikuwa wenu. Nilikosea."

"Najua, Papa," alisema bila kunitazama. "Kimbia."

Nikakimbia. Alicheza asubuhi ile kuliko jana, na bila msaada wangu wowote. Alimnyang'anya Yasmine mpira kwa mkono ule ule, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu Yasmine akamtukana kwa mapenzi. Mama Tina alisimama, akasahau mwavuli wake chini. Mwishowe alimwita Carmel pembeni, wakazungumza kidogo, kisha nikasikia Carmel akimpigia baba yake simu kwa sauti ya juu: alete ile diploma, alete mbio, asiikunje.

Nilisubiri amalize. Nilitaka kumpa mkono, na nikiwa mkweli, nilitaka zaidi kusikia neno zuri.

"Ya jana sijasahau, Papa," alisema akinipa mkono. "Ya leo ulipiga vizuri."

Akaenda getini kumngojea baba yake. Mimi nilibaki pale katikati ya uwanja na shati langu la kijivu, nikaanza kuweka ya jana upande huu na ya leo upande ule, nione kama zinalingana. Kisha nikaziacha.